Raketi Iliyochukuliwa Ukutani

Mpira wa kwanza ulipolia uwanjani kwa wazungu, Mwatumu aliinuka jamvini akaenda kubandika chai.

Hakuhitaji saa. Kila siku ya kazi, jua likishaanza kuinama, alikaa ametega sikio, mikono imelala mapajani, hata umwombe chumvi asikusikie. Halafu kutoka ng'ambo ya ua wa michongoma ulikuja ule mlio: pu, na nyuma ya pu kitu kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Hapo uso wake ulifunguka. Alipuliza moto, akapanga vikombe viwili, cha kwake na kile cha bati chenye ua jekundu, akatia sukari kijiko kimoja na nusu kwenye kile cha bati kabla hata maji hayajaanza kuimba.

Mkamwana wake, Justa, aliyaona yote hayo kutoka kizingitini, mtoto kifuani ananyonya.

"Mama, cha nani hicho?" aliuliza, ingawa alijua.

"Cha mwenye kazi yake. Humsikii? Leo anapiga kwa nguvu. Atarudi na kiu."

Aliyekuwa akipiga ni Laurenti, mume wa Justa. Mwenye kikombe cha bati alikuwa Yordani, kaka yake Laurenti, na Yordani alikuwa makaburini nyuma ya kambi ya shamba la mkonge tangu masika. Sasa mvua za vuli zilikuwa zimeshapita.

Siku aliyokufa, Yordani aliamka na homa, akaenda nayo kazini. Kazi yake ilikuwa kutunza uwanja wa tenisi na kumrudishia mipira bwana meneja, na siku ile bwana alikuwa anajifunza kupiga kwa mkono wa nyuma, hakutaka kuishia njiani. Yordani alirudi nyumbani akajilaza jamvini, hapo hapo mlangoni. "Mama, chai," alisema. Mwatumu alikuwa ametoka kupalilia mihogo, na kuni zilikuwa zimelowa. "Subiri, moto haujawaka," alimjibu, wala hakumjibu kwa ukali. Moto ulipowaka, Yordani hakuwa anasubiri tena.

Shamba lilitoa siku moja ya kuzika. Kesho yake king'ora kililia kama kawaida na kila mtu akachukua panga lake. Siku ya nne alikuja karani kuuliza ni nani mwingine anayejua kurudisha mpira. Laurenti, aliyekuwa mkata mkonge, akasema anajua kidogo, kaka yake alimfundisha. Akanyoosha mkono, akaitoa raketi ya Yordani kwenye msumari wake ukutani, akamfuata karani. Hakuna aliyemzuia. Raketi si jembe, si upinde, si shoka. Nani alikuwa na habari nayo?

Raketi yenyewe ilikuwa kuukuu, imeachwa na meneja wa zamani. Uzi mmoja ulipokatika, Yordani alisokota nyuzi za mkonge, akazipaka nta ya nyuki, akaziba pengo. Uzi huo ndio uliovuma. Hata ikiwa imetundikwa, treni ya Tanga ikipita Mnyuzi na ukuta ukitikisika, raketi ililia yenyewe taratibu, na Mwatumu aligeuka akaitazama, akatabasamu kama mtu aliyesalimiwa.

*

Watu wa kambi walimwita meneja Bwana Soksi, kwa zile soksi ndefu nyeupe alizovuta mpaka magotini hata jua la saa saba likiwaka. Mwaka uliopita alikwenda Handeni, kwenye uwanja wa bomani, na Bwana Shauri, mkuu wa serikali wa huko, akamshinda mbele ya wake za watu. Tangu hapo hakupumzika. Alitaka mchezo wake uwe mzuri, na mwezi huu watu wa Handeni walikuwa waje kwake.

"Simama!" alimwambia Laurenti siku hiyo, akaja mpaka kwenye wavu akijifuta shingo. "Wewe napiga kama ndugu yako."

"Ndiye aliyenifundisha, bwana."

"Mimi najua. Mimi nacheza na ndugu yako miaka mitatu. Mpira yake yote mimi iko nayo hapa." Aligonga paji la uso kwa kidole. "Kulia, kulia, halafu moja fupi. Kila siku. Bwana Shauri hapana piga hivyo. Wewe lete mpira ingine."

"Ndiyo, bwana."

"Na hapana nipigia polepole kama mimi mama mzee! Piga kweli. Kama mimi nashindwa, nashindwa."

Laurenti aliitikia, akarudi mwisho wa uwanja, miguu mitupu juu ya udongo wa kichuguu aliokuwa ameushindilia mwenyewe asubuhi. Viatu vilikuwa vya wanaocheza, na yeye hakuhesabiwa kuwa anacheza, alikuwa anarudisha. Kuingia alipitia tundu la michongoma, siyo geti. Akishikwa na kiu alikunywa kwenye keni ya kumwagilia uwanja, ameinama, maji yakimtoka puani.

Alijaribu kupiga mpira mwingine. Aliupeleka mkono wake kushoto, lakini mkono, ukifika katikati, ulijua njia yake. Ukaenda kulia. Pu, na nyuki. Akajaribu tena. Kulia, kulia, halafu moja fupi. Na kila mara, kabla mpira haujagusa nyuzi, alisikia nyuma ya bega lake ile pumzi ya Yordani, "hee," kama ya mtu anayetua mzigo. Hakugeuka. Mwezi wa kwanza alikuwa akigeuka, na Bwana Soksi alimcheka.

Asubuhi, kabla ya king'ora, alianza kwenda peke yake kwenye ukuta wa ghala la mkonge. Alikumbuka yote aliyofundishwa. Usiikamate kama panga. Ishike kama unavyoshika mkono wa mtoto unapovuka naye reli. Utazame mpira mpaka unapogusa nyuzi. Geuza bega mapema. Hatua ndogo ndogo, hatua kubwa ni za kwenda sokoni. Alipiga mia kwa mkono wa mbele, mia kwa wa nyuma. Mpira ulirudi kutoka ukutani ukamkuta pale pale Yordani alipokuwa akisimama, na alama ya miguu ya Yordani, ikiwa ipo, ilikuwa chini ya alama ya miguu yake.

*

Bombani wanawake walikuwa wameshaanza kusema.

"Mama Bona," aliita Swaumu, jirani, mzaliwa wa Kwamndolwa, mwenye ulimi usiolala. "Nasikia kwenu kuna mgeni anakunywa chai kila alasiri wala hafagii."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka, mmoja akaficha kicheko kwenye khanga.

"Akija kwenu mpe na mkate," alijibu Justa, akainua ndoo yake.

"Toba! Kwangu asije. Mwenzangu, nakwambia kwa wema. Kikombe kile mwanao akikigusa je? Bibi yake anaita mtu asiyeonekana, na wewe una mtoto wa miezi minne hapo mgongoni. Mzungumze na mumeo. Au mpelekeni mama kwao."

Justa alitembea na maneno hayo mpaka nyumbani, maji yakimwagikia kisigino. Alimpenda mkwewe. Mwatumu ndiye aliyempokea Bona alipozaliwa, akamkata kitovu, akamwimbia kwa Kizigua mpaka mama mtoto mwenyewe akalala. Lakini siku hizi mikono ya Mwatumu ilikuwa imebaki mifupa. Ugali aliugusa tu. Kitu pekee alichokunywa ni chai ya alasiri, na hiyo nayo aliinywa nusu, akamwachia mwenziwe aliyekuwa haji. Laurenti akirudi, mama alimtazama mlangoni, akatazama nyuma yake, akauliza, "Kaka yako umemwacha wapi?"

"Ni mlio ule," Justa alimwambia mumewe wakiwa wanapukuchua mahindi uani. "Mama anasikia raketi, siyo wewe. Kila siku unamfufulia mtu."

"Unafikiri mimi sisikii?" Laurenti alisema kwa sauti ya chini. Akatupa gunzi. "Bwana naye anataka nibadilishe. Nyumbani mnataka nibadilishe. Mkono haubadiliki, Justa. Nikiishika raketi ile ni kama nimevaa shati la mtu na mwenyewe bado yumo."

Justa alisogea karibu. Alimfuta vumbi la mahindi shavuni kwa ncha ya khanga.

Kumbe Bwana Soksi alikuwa na jibu lake. Jumanne alikuja uwanjani na raketi mpya, imetoka Tanga, nyuzi zinang'aa kama sega. "Hii ya shamba, siyo yako," alionya. "Wewe navunja, wewe nalipa." Laurenti alipiga nayo mpira mmoja. Ulitoa sauti kavu, safi: ta. Hapakuwa na nyuki wala pumzi begani. Mpira ulikwenda kushoto, na Bwana Soksi alichelewa.

"Ah!" alifurahi bwana. "Hiyo!"

Laurenti alirudi nyumbani kama mtu aliyetua gunia. Raketi ya kaka yake aliirudisha kwenye msumari wake. "Mambo yamekwisha," alimwambia Justa. "Yote mawili kwa siku moja."

*

Siku hiyo Mwatumu hakubandika chai. Alikaa ametega sikio mpaka kivuli cha nyumba kilipofika kwenye choo.

"Mbona Yordani hajaenda kazini?" aliuliza.

Kutoka ng'ambo ya michongoma ilisikika ta, ta, ta.

"Si unasikia wanacheza, mama?" alisema Justa.

"Nasikia watu. Mwanangu simsikii."

Kesho yake alikaa tena. Alhamisi hakula kabisa. Alisukuma sahani kwa kidole, taratibu, kama anayeogopa kuiudhi. Ijumaa alisema, "Anaumwa. Anaumwa na hakuniambia." Akazunguka nyumba akimtafuta, akafungua mlango wa jiko, akachungulia nyuma ya pipa la maji. Justa alimfuata na Bona mgongoni, asijue amshike mkono au amwache.

Jumamosi wageni wa Handeni walifika kwa magari mawili. Laurenti alikuwa ameamka kabla ya jogoo. Alimwagilia uwanja, akaushindilia kwa jiwe la kuviringisha, akapiga mistari kwa chokaa na kamba, myeupe, imenyooka. Aliambiwa akae nje ya mistari, raketi ya shamba kwapani, aokote mipira. Bwana Soksi alicheza vizuri. Alikuwa amejifunza kweli. Mkono wake wa nyuma ulikuwa umetulia, na Bwana Shauri wa Handeni alikuwa anakimbia huku na huku, uso mwekundu. Zilibaki pointi chache tu.

Hapo ndipo Mwatumu alipoingia. Hakupita kwenye tundu, alipita getini. Mkono mmoja ulishika birika, mwingine kikombe cha bati, na nyayo zake zilikanyaga udongo mbichi, zikakanyaga mstari wa chokaa, zikauchukua mstari na kwenda nao mpaka katikati ya uwanja.

"Yordani," aliita. "Yordani, baba, moto umewaka. Njoo."

Mpira ulidunda mara tatu, ukasimama. Memsahibu mmoja, mgeni, alidhani ni utaratibu wa shamba hili, akanyoosha mkono apokee kikombe. Mwatumu alikivuta kifuani.

"Hiki si chako, mama."

Wageni walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, ila walicheka, na Laurenti alisikia kila mmoja wao. Alivuka uwanja, akamshika mama yake bega. Mwatumu alimtazama usoni kwa muda mrefu.

"Wewe Laurenti," alisema polepole. "Mbona unacheza kwa raketi ya watu? Yake umempelekea nani?"

Alimtoa kupitia getini, kwa kuwa tundu lilikuwa dogo kwa watu wawili. Nyuma yao mchezo uliendelea, na Bwana Soksi, aliyekuwa karibu kushinda, alipiga mpira wa kwanza kwenye wavu, na wa pili, na wa tatu.

Wageni walipoondoka alimwita Laurenti barazani. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama yako mgonjwa. Mimi nasikitika. Lakini Jumapili ijayo mimi hapana taka ona yeye katika nyumba ya shamba. Kama yeye iko, nyote toka. Wewe, bibi, toto. Nyumba napewa mtu mwingine. Nasikia?"

"Nasikia, bwana."

"Na mstari. Tengeneza mstari."

Laurenti alirudi uwanjani na debe la chokaa. Alipofika penye nyayo za mama yake alitua debe. Kisha akapiga magoti akazifuta kwa kiganja, moja moja.

*

Walikubaliana, na wote wawili waliona aibu kukubaliana, kwamba Justa aende Sindeni kwa Mhina, kaka yake Mwatumu, akamwombe amchukue dada yake. Laurenti hakupata ruhusa ya kazi. Jumatano Justa alipanda treni Mnyuzi mpaka Korogwe, na Korogwe akapata lori la Handeni lililobeba mabati na ngozi. Dereva alimkalisha mbele kwa ajili ya mtoto. Njia nzima Justa alipanga maneno. Mjomba, mama amezeeka. Mjomba, kule kuna kelele za mitambo. Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa kumtupa mtu.

Mhina alikuwa anamenya mihogo kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake, kofia ya kiua kichwani. Justa alipiga goti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mlete huyo nimwone. Ee, hii pua ni yetu kabisa, ya babu yake Mnyamwezi haimo hata kidogo." Alicheka, kisha akaona uso wa Justa, akaacha kucheka. "Dada yangu hajambo?"

Justa alisahau maneno yote aliyoyapanga. Alieleza kama yalivyokuja: chai, kikombe, nyuki ndani ya raketi, nyayo juu ya chokaa, Jumapili. Mhina alisikiliza akiendelea kumenya. Kisu kilisimama mara moja tu.

"Hebu rudia hapo. Siku ya nne Laurenti aliichukua raketi. Nani alimpa?"

"Hakuna, mjomba. Ilikuwa ukutani."

"Nani alimpa?" aliuliza tena, si kwa hasira.

"Aliichukua mwenyewe."

"Na matanga mliondoa lini?"

Justa aliinamisha kichwa. "Hatukuondoa. Shamba lilitoa siku moja. Tukasema tutafanya baadaye, na ninyi tutawaita, halafu kazi, halafu mimi nikajifungua."

Mhina aliweka kisu chini. "Sasa nisikilize. Mtu akifa, jembe lake halichukuliwi, hupewa mtu. Mama anashika, mjomba anashika, kijana anapokea mbele ya watu, na aliyekufa anaona kwamba kazi yake imeshikwa, anakwenda zake. Ninyi mmemnyang'anya kazi akiwa bado yuko mlangoni. Mlitaka aende wapi? Na mama yake atamwacha vipi, ikiwa kila siku anamsikia yuko kazini?"

"Lakini ni raketi, mjomba. Kitu cha wazungu."

"Yordani alikuwa anakula kwa kitu gani?"

"Kwa hiyo raketi."

"Basi ndilo jembe lake." Alisimama, akajikung'uta maganda. "Kumchukua dada yangu, nitamchukua siku atakayotaka mwenyewe kuja. Kufukuzwa, hapana. Lala hapa leo, umpumzishe mtoto. Kesho tunaondoka wote."

*

Ijumaa, wakata mkonge walipomaliza mafungu yao, watu wa kambi walikusanyika uani kwa Laurenti. Swaumu alikuja wa kwanza na sufuria la maharage, akalitua bila neno, na kwa Swaumu hilo lilikuwa neno kubwa. Mwatumu alikalishwa jamvini, pale pale mlangoni. Mhina alikaa karibu yake magoti yakigusana.

"Dada, wanao walibatizwa, na mimi tasbihi yangu hii hapa," alisema. "Leo sitauliza nani anaswali wapi. Nimekuja kama mjomba wao."

Akainuka, akaitoa raketi kwenye msumari. Uzi wa mkonge ukavuma. Mwatumu alishtuka, akanyoosha mikono, na Mhina akamwekea raketi mapajani.

"Mwite umwambie."

Bona alilia kidogo, akanyamaza. Mwatumu alipitisha kidole juu ya nyuzi mpaka kikaufika ule mmoja mnene.

"Aliniomba chai," alisema hatimaye, sauti yake kavu. "Nikamwambia asubiri. Kuni zilikuwa mbichi. Nilisema subiri, kama mtu ana siku nyingi." Kidole kilirudi kwenye uzi ule. "Sijapata kumwambia mtu. Nilipogeuka na kikombe nikamwambia haya inuka, na yeye hakuinuka. Ndiyo maana nabandika mapema. Nilikuwa nataka siku moja niwahi."

Laurenti alikuwa amekaa chini mbele yake, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi kama mtoto. Alikuwa hajalia tangu mazishini; hakukuwa na siku ya kulia.

"Yordani," mama aliita, safari hii hakutazama mlangoni wala getini, alitazama raketi. "Umefanya kazi, baba. Umechoka. Kazi yako naishika mimi, naishika na mjomba wako, tunampa mdogo wako. Usimwonee wivu. Nenda ukapumzike."

Mikono minne iliinua raketi, ya dada na ya kaka. Laurenti aliipokea kwa mikono miwili. Mhina alimmiminia Mwatumu chai kwenye kikombe cha bati; akamwaga kidogo ardhini mlangoni, kisha akampa.

"Kinachobaki ni chako. Kunywa."

Mwatumu alikunywa. Alikunywa mpaka sukari ya chini, akakigeuza kikombe juu ya jamvi. Justa alimwona akichukua kijiko cha maharage mwenyewe, bila kuambiwa, na ikambidi ageukie ukuta.

*

Jumapili ilipita na mama alikuwapo. Jumatatu Laurenti alikwenda uwanjani na raketi zote mbili. Ile ya shamba aliiweka kwenye kiti cha Bwana Soksi.

"Mama yako iko wapi?" bwana aliuliza.

"Yuko nyumbani, bwana. Haji tena hapa. Akija, mimi mwenyewe nitafunga mizigo."

Bwana Soksi alimtazama, akaitazama ile raketi kuukuu, akaguna. Handeni walikuwa wameshamwalika mchezo mwingine bomani, na hakukuwa na mtu mwingine kati ya Mnyuzi na Korogwe aliyeweza kumrudishia mipira. "Tutaona," alisema. "Cheza."

Mpira wa kwanza ulikuja. Laurenti aligeuza bega mapema. Aliishika raketi kama mkono wa mtoto, akautazama mpira mpaka kwenye nyuzi, akasubiri ile pumzi begani. Haikuja. Palikuwa na bega lake tu, na jua juu yake. Alihisi upweke mkubwa kiasi kwamba karibu aache mpira upite. Kisha akaupiga. Pu, na nyuki, lakini ulikwenda kushoto, chini chini, ukaugusa mstari wa chokaa na kuinua vumbi jeupe. Bwana Soksi hakuinua hata mguu.

"Hii mpira ya nani?" alisema. "Ndugu yako hapana piga hii."

"Ni yangu, bwana."

Nyumbani, Mwatumu aliusikia mlio ule. Mikono yake iliacha kuchagua mchele. Justa, mtoto begani, hakuthubutu kupumua. Mama alisikiliza wa pili, na wa tatu, kichwa kikiwa upande, kama mtu anayesikiliza hatua zinazopita njiani mpaka azitambue.

"Laurenti huyo," alisema, akaendelea kuchagua mchele.

Laurenti aliporudi, jasho limekauka kwa chumvi shingoni, alisimama mlangoni, raketi kwapani. Jikoni hakuona moshi. Alisita, maana alijua maneno aliyotaka kuyasema ni ya nani. Akayasema.

"Mama, chai."

Justa alimwona mkwewe akitulia, ungo mkononi.

"Subiri," Mwatumu alisema. "Moto haujawaka."

Laurenti aliitundika raketi msumarini, akaketi jamvini. Akasubiri.